Chumba cha Mzee Pazi

Mwalimu Batuli alijaliwa ulimi. Akisomesha fasihi pale shule ya Mtama, hata watoro walirudi darasani. Muhula huo alifundisha kijitabu cha zamani, hadithi ya baba aliyeamka siku moja amegeuka kisiki katikati ya nyumba. Mwanzo wanawe walikiosha na kukifunika khanga. Baadaye wakakikalia. Mwisho wakakipasua kuni.

"Kisiki ni maradhi," aliwaambia wanafunzi. "Na angalieni, waliobadilika ni wanawe. Mgonjwa huanza kufa siku watu wanapoacha kumbishia hodi."

Maneno hayo hakuyaokota kitabuni. Nyumbani kwao baba yake, mzee Pazi, alikuwa amepooza mwaka wa pili sasa, ulimi mzito lakini akili timamu. Batuli ndiye aliyemwogesha, akamlisha uji, akamgeuza ubavu. Kila akiingia alibisha hodi, akaamkia, akasubiri mpaka mzee aitoe marahaba yake kwa taabu. Kaka yake Twalib aliingia tu bila hodi, kama anaingia jikoni. Batuli alimchukia kwa hilo, na haki alikuwa nayo.

Kisha binti wa Twalib akafikia unyago. Mwali huwekwa ndani, na nyumba ile ilikuwa na chumba kimoja tu cha ndani, cha mzee. Twalib akasema baba ahamie stoo ya korosho. Batuli akakataa mara tatu, mara ya mwisho kwa kiapo.

Siku moja akitoka shule akakuta kina mama wamejaa chumbani, vigelegele juu. Akatoka mbio hadi stoo. Mzee alikuwa amelazwa kwenye godoro katikati ya magunia, macho mlangoni. Alipomwona bintiye, uso wake ukafunguka. Alijua sasa atarudishwa.

"Wiki mbili tu, mdogo wangu," alisema Twalib nyuma yake. "Mwali tutamweka wapi?"

Batuli alikuwa na hotuba nzima kifuani. Lakini alikuwa amechoka, jamani, kuchoka kwa mifupa.

"Mmempa shuka?" akauliza.

Mzee akafumba macho.

Alasiri hiyo Batuli alilala bila kuitwa na mtu, usingizi ambao hakuupata kwa miaka miwili. Alipoamka alijisikia mwepesi, na wepesi huo ulimtia aibu.

Wiki mbili zikapita, mwali akachezwa ngoma, akatolewa nje, chumba kikabaki kitupu. Twalib hakumrudisha mzee. Batuli naye hakuuliza.