Harufu Tamu Kwenye Gari la Mayai

Wateja walimwita Mama Baridi, na si kwa upole wake. Alikuwa fundi wa viyoyozi na hita za magari, na hakuamini kitu mpaka akishike. Mteja akisema gesi imeisha, yeye huangalia feni kwanza. Mteja akiapa kwamba hakuna aliyeligusa gari, yeye hutafuta alama za bisibisi kwenye skrubu. "Gari halidanganyi," husema, "mwenye gari ndiye mwenye mdomo." Kazini tabia hiyo ilimlisha. Nyumbani ilikuwa balaa, maana mumewe hakurudi siku hata moja bila kuhojiwa kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani.

Mume huyo alisambaza mayai madukani kwa gari kuukuu la dizeli, lililokwisha kupita mikononi mwa watu wengi kabla yao. Na sasa gari lile lilimtia Mama Baridi mashaka. Kila akifungua mlango alikutana na harufu tamu, kama ya pipi iliyoyeyuka, ambayo haikuwa ya mayai wala ya mumewe. Asubuhi kioo cha mbele kilikuwa na ukungu kwa ndani, kana kwamba watu walikuwa wamejifungia humo wakipumuliana. Miguuni pa abiria palitandikwa kapeti jipya, lililonunuliwa bila mtu kuombwa ushauri. Halafu hizo Jumamosi! Mume anaaga kwamba anakwenda kunyoa, anarudi na nywele zake zote, mikono inanukia sabuni ya unga.

Alimpigia simu mdogo wake, naye akamwaga mafuta ya taa kwenye moto. "Dada, mwanamume ananawaje mikono kabla ya kurudi kwake? Dalili ya mvua ni mawingu."

Nyumba ile Mama Baridi aliijenga pamoja na mumewe, akichanganya saruji huku ana mimba, na sasa aliiona ikienda kwa mwanamke anayenukia pipi. Kila mtu aliiona hasira yake. Hofu iliyokuwa chini yake aliijua mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata alimngoja mumewe uani, kando ya gari.

"Leo unanyoa nini, baba watoto? Maana kichwa nakiona kizima."

"Mama watoto, usianze."

"Sijaanza. Namalizia." Alifungua mlango wa abiria, akalivuta lile kapeti na kumpungia nalo usoni. "Hili ulimtandikia nani? Na harufu hii ni ya nani? Mtaje tu, mimi ni mtu mzima."

Kapeti lilikuwa limelowa. Maji yakamchuruzika mkononi, na vidole vikawa vinateleza kama vimepakwa mafuta. Akavisugua, akavitazama, akavinusa. Maji ya kijani, na pipi ileile.

Yalikuwa maji ya rejeta. Nyuma ya dashibodi hukaa rejeta ndogo ya hita, na ikitoboka, maji yake yenye dawa tamu ya kupoza injini huvujia miguuni pa abiria, mvuke ukapanda kwenye kioo, na gari zima likanukia utamu. Angeletewa gari la mtu baki, angejua hata kabla ya kufungua boneti. Mganga hajigangi.

"Hita inavuja," alisema polepole.

Mume alishusha pumzi. "Kumbe yule kanidanganya."

"Yule nani?" Mashaka yalirudi mbio.

"Fundi. Yule wa nyuma ya kituo cha mafuta. Ndiko ninakokwenda Jumamosi. Hita ilianza kutoa baridi, akasema ni themostati, ile vali ya joto la injini, akabadilisha. Baadaye akasema ni feni. Kapeti la zamani lilipooza, akasema ni mvua, nikanunua jipya. Nanawa kwake ili usininuse grisi ya watu."

Mama Baridi aliketi juu ya tairi bovu. "Una fundi ndani ya nyumba, unakwenda kwa mtu ambaye hata hajui feni inazunguka upande gani? Bora ungekuwa na mwanamke!"

Mume hakucheka. "Nilitaka kukuletea wewe. Lakini ningesema hita imeharibika, ungeuliza nilipita wapi, nilimbeba nani, nani kaligusa. Kule linaulizwa gari. Hapa naulizwa mimi."

Maneno yale yalimuuma.

Alivaa ovaroli. Alimwaga maji, akafungua mipira ya maji, akaishusha dashibodi mpaka akaifikia ile rejeta ndogo, imeoza pembeni kwa kutu. Mume alikaa juu ya ndoo, akipokea skrubu na kushika tochi. Ndipo, chini kabisa ya kisanduku cha hita, vidole vya Mama Baridi vikagusa kitu kidogo kigumu. Akakitoa. Kilikuwa kibanio cha nywele, chekundu, kimejaa vumbi, na yeye hakuwahi kuwa na chekundu.

Huenda kilikuwa cha mmoja wa wale waliolimiliki gari zamani. Huenda. Swali lilimpanda mpaka kwenye meno. Mume alikuwa amekwisha kukiona, na mabega yake yalikuwa yamejikunja, ya mtu anayengoja kofi.

Mama Baridi alikitumbukiza kibanio kwenye kopo la skrubu mbovu.

"Nimulikie hapa," alisema. "Mbele kidogo. Hapohapo."

Mume alisogea karibu, akaielekeza tochi alipoambiwa.