Riwaya Iliyorudishwa Mezani

Jumamosi nilikuwa kwenye meza ya vitabu vikuukuu mjini Thika, mwanamke mmoja akaja kurudisha riwaya ya mapenzi. Mumewe alisimama kando, akivipanga vitabu vya muuzaji kwa urefu.

“Mwanamume wa humu ana otizimu, kama mzee wangu,” mwanamke akamwambia muuzaji. “Hapendi kelele, haangalii mtu machoni. Mwishoni anabusiwa, anapona. Mimi huyu nimembusu miaka tisa na hajabadilika. Wala sijataka abadilike.”

Muuzaji akacheka, akamgeukia mume. “Na wewe mzee, ungetaka iishe vipi?”

Akafikiri, macho yakiwa kwenye vitabu. “Waende nyumbani wanywe chai.”

Wakaondoka wameshikana mikono. Nimesoma riwaya nyingi za mapenzi, na sikumbuki iliyoisha vizuri hivyo.