Rufaa Hupitia kwa Mkuu

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, nikisubiri mhuri. Mbele yangu mama mmoja, mtoto mgongoni na vumbi la Kondoa bado kwenye kitenge, alisukuma bahasha yenye barua dirishani. Alikuwa amenyimwa cheo kwa sababu mkuu wake wa kazi hataki "wanaonyonyesha" kwenye uongozi, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa mwisho wa kukata rufaa.

Karani aliisoma barua, akaguna. "Dada, hii haijapitia kwa mkuu wako."

"Kaka yangu, huyo mkuu ndiye ninayemlalamikia."

"Nimeona. Lakini barua ya mtumishi hupitia kwa mkuu wake. Rudi Kondoa, aisaini."

"Mwisho si leo?"

"Leo, kabla hatujafunga."

"Na akikataa kusaini?"

"Hapo una haki ya kumlalamikia."

"Kupitia kwa nani?"

Karani alijikuna shingo kwa kalamu. "Kwake."

Jukwaani, jibu hilo lingeuvunja mbavu ukumbi mzima. Pale kwenye foleni tulitazama viatu vyetu, maana kila mmoja ana mkuu wake.

"Basi niandikie kwamba umeikataa," mama akasema.

"Hilo nalo mpaka niidhinishiwe."

Mama alikaza mbeleko, akachukua bahasha yake, akaenda kutafuta basi la kurudi.

Tunaambiwa siku hizi kila kitu ruksa. Kweli, jamani, hata kulalamika ni ruksa, mradi aliyekuonea apate nafasi ya kukusainia.