Winga wa Kampuni ya Maji

Niliondoka Bungoma kwa sababu ya kijinga: wakala alinitazama nikicheza mechi moja, akasema klabu ya Riyadh inatafuta winga wa kushoto. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nachezea timu isiyo na hata neti za goli, na nilijiona kipaji kilichocheleweshwa. Mkataba ulikuwa wa Kiarabu. Nilitia sahihi nikitabasamu.

Uwanja wa ndege wa Riyadh nilipokewa na Barasa, msimamizi wa kampuni ya maji, Mkenya mwenzangu. Nikamuuliza kambi ya klabu iko wapi.

"Klabu gani? Wewe ni dereva wa lori la maji. Bosi ana timu ya wafanyakazi. Ijumaa utacheza."

Ikama yangu, kibali cha ukaazi, ilipotoka iliandikwa dereva. Pasipoti ikabaki kwa bosi.

Mtaa wa Manfuha tuliishi watu saba chumba kimoja. Siku sita nilisambaza maji. Ya saba nilicheza mpira, bosi akiwa kwenye kiti cha ngozi kando ya uwanja, akila tende na kutufokea kama kocha. Hakujua kuotea ni nini. Kila refa alipopuliza, alidhani anaonewa yeye.

Mwezi wa kumi na moja tulipelekwa Jeddah kwa basi, kucheza na timu ya shemeji wa bosi. Nyumbani kwa huyo shemeji, mtaa wa Aziziya, mpishi alikuwa Mwanasha wa Malindi. Alinipa chai kwenye mlango wa jikoni.

"Ati wewe ni mchezaji wa kulipwa?"

"Ndivyo nilivyoambiwa, dada."

"Mimi niliambiwa nitakuwa nesi. Nauguza masufuria."

Saa kumi jioni mechi ilianza, na kabla ya mapumziko nilikuwa nimefunga mabao mawili. Shemeji akamnong'oneza bosi, wakacheka. Bosi akanirushia jezi ya wapinzani.

"Kipindi cha pili utamchezea huyu. Amekupenda, nimempa."

Wenzangu wa lori, watu niliolala nao chumba kimoja, walikuwa wakinitazama. Nikavua viatu, nikakaa chini.

"Yalla, ingia," akasema bosi.

"Halas, bosi, imetosha. Sichezi."

"Nitakurudisha kwenu."

"Nirudishe."

Shemeji akacheka tena, safari hii akimcheka bosi, na hilo ndilo lililomuuma.

Tuliporudi Riyadh, Barasa alinisihi niombe radhi. Sikuomba. Nilisambaza maji wiki tatu zaidi bila kuitwa uwanjani, kisha bosi akasaini karatasi yangu ya kutoka nchini bila kuniangalia usoni.

Bungoma nilikuta mama ameshatangaza kanisani kwamba niko ligi kuu ya Saudia. Nikamweleza ukweli wote. Akaniuliza kama nimekula.

Namdharau wakala, namdharau bosi na kiti chake, lakini sijisahau. Nilikwenda kutafuta mtu wa kuninunua, na nikampata. Siku hizi nachezea timu ya soko la nafaka, Jumapili baada ya ibada. Nikichoka nanyoosha mkono, natoka.