Seleina anatafuta mvua ya sayari ya mbali, kwao wanamuuliza ya Mkondoa

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, mfuniko wa sufuria unagongagonga jikoni, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa woga. Seleina Telele anapunguza moto na kuuinua. Matone yanateleza ukingoni na kudondokea majini. Anayatazama kwa muda mrefu kuliko kawaida ya mtu anayesubiri chai.

Chumbani, kompyuta yake mpakato inaunguruma tangu jana jioni. Jirani yake Filomena, mpishi wa shule, amemvutia waya kutoka kwenye betri yake ya sola, ili umeme ukikatika hesabu isipotee. "Mimi taa moja inanitosha," Filomena alimwambia, akaondoka kabla ya kushukuriwa.

Seleina, mwenye umri wa miaka 31, anafundisha fizikia katika shule ya sekondari mjini Mikumi. Nje ya saa za kazi anafanya utafiti wa shahada ya pili. Anaigiza kwa kompyuta hewa ya sayari ya mawe iliyo mbali mno, ambayo upande wake mmoja unaitazama nyota yake siku zote, na upande wa pili haujawahi kuona mchana.

"Hewa yenye mvuke inakwenda upande wa giza, inapoa, mvuke unageuka maji au barafu na kuanguka," anaeleza. "Unapogeuka, unaachia joto. Nataka kujua kama joto hilo linatosha kuizuia hewa yenyewe isigande ikaanguka yote. Ikiganda, yanabaki mawe matupu."

Akiongeza mvuke kidogo mwanzoni mwa hesabu, anapata mawingu. Akipunguza, anapata barafu na ukimya. Ndiyo maana kwenye ripoti zake huandika kwamba bado hajui, na msimamizi wake chuoni humsifu kwa kulisema hilo wazi.

Jibu hilohilo ndilo linalomnyima usingizi wiki hii.

Juzi baba yake, mzee Telele, ambaye ni mfugaji, alimpigia simu kutoka mbugani upande wa Mvumi, wilayani Kilosa. Wingu zito lilikuwa limekaa milimani. Je, mto Mkondoa utafurika?

"Baba, sijui," alijibu. "Mimi nasoma sayari nyingine."

Alisahau desturi aliyokulia. Katika boma lao, aliyeona baya angani halitamki, asije akaliita. Husema hajui, kisha hunyamaza. Jibu la binti anayesoma mambo ya anga likaingia bomani kama kilio.

Kabla chai haijaiva, simu inaita. Ni mdogo wake, Seuri.

"Dada, baba anasema umeona mafuriko ukatuficha. Leo tunahamisha ng'ombe kwenda mlimani."

"Mnapita wapi?"

"Kwa mama Shamimu."

"Mahindi yake ya vuli ameshavuna?"

"Bado, dada."

Seleina anazima jiko bila kunywa kitu. Anakumbuka mwaka ambao shamba moja lililoliwa na ng'ombe lilifanya watoto wa wakulima na wa wafugaji wakatae kukaa dawati moja. Ndani ya basi la Kilosa anampigia baba yake mara kwa mara. Simu haipokelewi.

Anamkuta baba yake na vijana wa boma njiani. Ng'ombe wamesimama pembeni mwa shamba, na Shamimu, mjane anayelima peke yake na binti yake, amewazibia njia. Sauti yake imekauka kwa kufoka. Lakini miguuni pake kuna ndoo ya maji, na ndama wawili wanakunywa. Aliwatekea kwanza, ndipo akaanza kugomba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kusema ulichokiona?"

"Sijaona kitu, baba. Ningeona, ningekwambia palepale. Nikisema sijui, ni kweli sijui."

Telele anamkazia macho. "Miaka yote ya shule, na hujui?"

"Ndiyo, baba. Sijui."

Shamimu anacheka ghafla, bila kupenda. "Mwalimu, hiyo sayari yako ina mahindi?"

"Haina, mama."

"Basi mpeleke baba yako na ng'ombe wake huko!"

Seleina anafungua simu na kuwasomea utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa: mvua kubwa inaweza kunyesha kuanzia katikati ya wiki ijayo.

"Inaweza," anarudia Telele. "Nao hawajui."

"Wanajua kuliko mimi, baba. Tuna siku chache, huenda."

Shamimu anaitazama milima, kisha ndama. "Nipe vijana wako leo na kesho tuvune. Jumatatu ng'ombe wapite, na mabua wale."

Telele anakubali kwa kichwa tu. Vijana ambao hawajawahi kuvuna wanaingia shambani na fimbo zao. Mwanasha, binti wa Shamimu, anawafuata nyuma akiokota wanayoyaacha. "Kaka Seuri, hilo ni hindi au ndama? Mbona unalibembeleza?"

Seleina anavuna huku akiinua macho kila mara. Wingu halijasogea. Mchana Filomena anamtumia ujumbe: umeme Mikumi umekatika, ila mashine bado inaunguruma. Anausoma mara mbili, kisha anarudi kuvuna.

Anatumaini kumaliza utafiti wake mwaka huu. Ana mpango mwingine pia: kuja bomani kila Jumamosi kuwasomea wazee utabiri, na kuwaeleza unapoishia. Hana hakika kama mto utasubiri hadi Jumatatu.

Jioni baba yake anamsindikiza hadi barabarani, anakopandia pikipiki, jambo ambalo si kawaida yake.

"Rudi Jumamosi," anasema.

"Na kama nitakuwa sijui, baba?"

"Njoo tu. Ukae, unywe chai, uniambie hujui nikikuona usoni."