Mtumiaji wa Jumatano

Kwenye lile jengo walimwita Bi Sindano. Majirani wengine wa kike waliitwa kwa watoto wao, mama wa huyu na mama wa yule, lakini yeye hakujaliwa mtoto, basi wakampa jina la kazi yake, na kadiri walivyozidi kumzoea wakaona linaufaa hata mdomo wake. Alishona magauni ya harusi. Nusu ya sebule yake ilikuwa ya makochi na nusu ya cherehani, na katikati lilisimama sanamu la kuvalishia nguo, halina kichwa, siku zote limevaa gauni la mtu.

Mumewe alikuwa msoma mita wa maji. Kutwa alizunguka mitaani akiinama kwenye vishimo vya mita, mwanamume mpole, mchache wa maneno, ambaye majirani walimwonea huruma kwa sababu ya mke aliyemwoa. Miaka ya mwanzo walihangaika na hospitali, wakapimwa wote wawili, wakaambiwa wasubiri. Walipochoka kusubiri mume alisema, "Mke wangu, mimi mtoto si shida yangu. Wewe unanitosha." Bi Sindano aliyaweka maneno hayo moyoni. Kila alipopima bibi harusi mwenye tumbo la kufichwa kwa mikunjo ya kitambaa, aliyashika kama mtu anavyoshika ukuta kwenye ngazi zenye giza.

Siku hizi hakungoja wateja wabishe hodi. Aliuza kwa simu, laivu, akilizungusha lile sanamu mbele ya kamera huku akichambua pindo, vifungo na shela. Intaneti ndiyo iliyokuwa mlango wa duka lake. Sasa ikaanza kusuasua. Siku moja, akiwa katikati ya maelezo, picha iliganda. Wateja walimwona kasimama mdomo wazi, jicho moja limefumba, na mmoja akaihifadhi ile sura akaisambaza. Watu walivunjika mbavu. Bi Sindano hakulala vizuri, na asubuhi alimwita fundi wa intaneti.

Fundi alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi na begi la nyaya. Alikitazama kile kiboksi cha ruta juu ya kabati, akaingiza programu fulani kwenye simu ya Bi Sindano, kisha akauliza, "Mama, humu ndani mko wangapi?"

"Mimi na mume wangu."

"Basi mna wageni. Ona." Alimwonyesha vifaa vyote vilivyokuwa vikinyonya intaneti yake. Wakatoa simu yake, wakatoa simu ya mume, wakatoa televisheni. Vilibaki viwili visivyo na mwenyewe.

"Nitajuaje ni vya nani?"

"Nyamaza usikilize," fundi alisema, akagusa neno Zuia.

Ghorofa ya juu, televisheni iliyokuwa ikiongea ilikatika katikati ya sentensi. Miguu ikatembea. Sauti ya mwanamke ikasema, "Aah, sasa nini tena?"

Alikuwa muuguzi wa ghorofa ya juu, anayefanya kazi hospitali kuu. Fundi alicheka mpaka akakohoa. Bi Sindano hakucheka. Aliomba simu yake abonyeze mwenyewe. Akaruhusu, juu kukawa na muziki. Akazuia, muziki ukafa. Akaruhusu tena, akasubiri muuguzi atulie kwenye kiti, akazuia. Ilikuwa raha ya aina ambayo hakuwahi kuionja, na fundi alipoondoka, baada ya kumbadilishia namba ya siri, yeye alibaki amesimama chini ya dari, shingo juu, akitega sikio.

Jioni hiyo muuguzi alishuka. Alimkuta Bi Sindano mlangoni akizungumza na majirani, mumewe nyuma yake na kikombe mkononi.

"Dada, samahani, hivi na kwenu intaneti imekata?"

"Kwetu iko safi kabisa. Iliyokata ni ya wezi." Bi Sindano hakushusha sauti, aliipandisha ili ngazi nzima isikie. "Umevaa nguo nyeupe, unachoma watu sindano, unashindwa kujilipia intaneti? Nani alikupa namba ya siri?"

Muuguzi alimtazama msoma mita. Msoma mita alitazama ndani ya kikombe.

"Nilibahatisha," muuguzi alisema.

"Ukibahatisha dawa hivyohivyo, wagonjwa wako Mungu awasaidie."

Majirani walicheka. Muuguzi alipanda ngazi, na hapo angeachwa, lakini Bi Sindano hakujua kuacha. Aliingia kwenye programu akabadilisha jina la Wi-Fi yake likawa Muuguzi Mwizi, ili kila mwenye simu kwenye jengo alione. Mumewe alipoliona aliweka kijiko chini.

"Mke wangu, hili litoe. Yule ni jirani."

"Unamtetea?"

"Simtetei. Nasema litoe, tafadhali." Alisema akiitazama sahani, na Bi Sindano akadhani ni aibu ya mtu mpole.

Siku mbili hazikupita, jina jipya likatokea kwenye simu za watu wote, la intaneti ya muuguzi mwenyewe, aliyoamua kujiwekea. Lilisema: Jumatano Nani Yuko Kwako.

Bi Sindano alilisoma akiwa amebana pini midomoni. Jumatano ndiyo siku yake ya kwenda mjini kwenye maduka ya vitambaa. Huondoka asubuhi, hurudi jua likizama. Alizitoa pini moja moja akazichomeka kwenye kijimto cha pini alichovaa mkononi. Hakumwuliza mumewe kitu. Mumewe naye hakulitaja lile jina, ingawa kila alipoifungua simu yake lilikuwa pale likimsubiri.

Jumatano ilipofika aliaga kama kawaida. Mchana, akiwa ndani ya duka kati ya majora ya hariri, alifungua programu. Simu ya mume wake, ambaye alipaswa kuwa mitaani akisoma mita, ilikuwa nyumbani. Chini yake kilikaa kifaa kigeni, vimepangana kama watu wawili kwenye kochi moja: Tableti ya Kipusa.

"Dada, huu weupe wa maziwa au ule wa theluji?" muuza vitambaa aliuliza.

"Ngoja," alisema Bi Sindano.

Kipusa. Alimwona papo hapo: binti wa kiuno chembamba, kajilaza juu ya mto alioudarizi yeye, miguu juu ya meza yake. Akabonyeza Zuia.

Jioni mumewe alikula kimya, kisha, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, akasema, "Leo mchana intaneti ilisumbua kidogo."

"Ulijuaje, nawe ulikuwa kazini?"

Alimeza tonge kabla halijatafunwa. "Nilipita mara moja kuchukua koti la mvua."

"Aa. Pole." Akamwongezea mboga. Alimtazama akila mpaka mwisho, akamwambia kwamba intaneti imesharudi, ajisikie huru.

Wiki nzima alimtunza kama mgeni. Alimpigia pasi mashati, alimuuliza habari za mita. Mume alianza kupumua. Na Jumatano iliyofuata Bi Sindano hakwenda mjini. Alikwenda hadi kwenye kibanda cha chai mkabala na jengo, akakaa mahali ambapo dirisha la sebule yake linaonekana, akaweka simu mezani.

Tableti ya Kipusa ilipoingia, aliiacha ifurahi. Akahesabu moyoni muda wa mtu kukolea kwenye kitu anachokitazama, akakata. Kivuli cha mumewe kilipita dirishani kuelekea kwenye kabati la ruta. Akarudisha. Kivuli kikarudi kochini. Akakata. Kivuli kikainuka. Alimchezesha hivyo mpaka chai yake ikapoa, na kila kivuli kilipoinuka alisikia utamu fulani kwenye ulimi. Mwisho alikata kabisa, akavuka barabara.

Alifungua mlango kwa ufunguo wake. Mumewe alikuwa juu ya kiti, mikono kichwani mwa kabati, anachomoa waya na kuuchomeka. Kwenye kochi alikaa mtoto wa kike wa umri wa chekechea, viatu vimepangwa vizuri chini, tableti yenye kava la masikio ya sungura mapajani. Masikio yake mwenyewe yalikuwa yamechomoza, makubwa, na kidevu kilikuwa na kishimo. Bi Sindano alikuwa amelala kando ya kidevu kama hicho miaka yote ya ndoa yake.

Mtoto alimtazama, akamgeukia yule aliye juu ya kiti. "Baba, huyu ndiye fundi?"

Mume alishuka kiti kwa uangalifu, kama mzee.

"Ndiyo, mimi ndiye fundi," Bi Sindano alisema.

"Katuni zangu zinakatika," mtoto alimweleza. "Zinakatika sanasana pale pazuri."

Mume alimvuta mkewe upande wa cherehani akaanza kunong'ona maneno yakigongana. Mama wa mtoto ni mfanya usafi hospitali kuu. Jumatano ana zamu ya mchana na hana pa kumwacha mtoto. Mambo kati yao yalikwisha zamani, aliapa yalikwisha, ni mtoto tu. Muuguzi alimwona nao getini pa hospitali, akajua, na akanyamazishwa kwa namba ya siri ya intaneti. Ndiyo sababu alimwomba asimguse muuguzi.

Bi Sindano alisikiliza hadi mwisho. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kupima mteja, akasema, "Uliniambia mtoto si shida yako."

"Nisamehe."

"Sijakuuliza habari ya msamaha. Nyumba hii ni yangu, niliachiwa na mama yangu. Unataka kubaki au unataka kwenda?"

"Nibaki wapi niende wapi, mke wangu? Nitabaki."

"Basi mwambie yule kwamba wewe si baba yake."

Mume alidhani hakusikia vizuri. Bi Sindano akarudia. Mume akasema huyu ni mtoto mdogo, hana kosa. Bi Sindano akasema hajauliza kosa la nani. Akalivuta sanduku la nguo la mumewe kutoka uvunguni, akaliweka katikati ya sebule, likiwa wazi, akasimama kando yake.

Bi Sindano alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa magoti, labda hata kwa kofi. Alikuwa amejiandaa kumwona akimshika mtoto mkono na kutoka, na pengine, akiwa mkweli, sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa ikisubiri hilo. Lakini msoma mita alilitazama sanduku, akalitazama kabati, akachuchumaa mbele ya kochi.

"Mimi si baba yako," alisema. "Ni rafiki wa mama. Uniite mjomba."

Mtoto alicheka, akingoja utani uishe. Haukuisha. Akamtazama Bi Sindano, akamtazama tena yeye.

"Lakini wewe ni baba."

"Mwambie tena," Bi Sindano alisema. "Hajaelewa."

Akamwambia tena. Mtoto alishuka kochini, akavaa viatu, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia, na hakukubali kusaidiwa. Aliikumbatia tableti kifuani. Mlangoni msoma mita alinyoosha mkono ili amshike, na mtoto akauficha wake nyuma. Wakateremka ngazi hivyo, yeye mbele, mtoto nyuma, nafasi ya hatua kadhaa kati yao. Muuguzi alikuwa juu, ameinama kwenye kizuizi cha ngazi. Aliingia ndani akafunga mlango taratibu.

Mume alirudi kabla ya giza. Sanduku lilisharudishwa uvunguni na chakula kilikuwa mezani.

Hakuondoka, wala hakufukuzwa. Jumatano zikawa siku kama nyingine. Mfanya usafi hakumleta mtoto tena wala hakupiga simu. Watu walisema amehamia kwa dada yake. Bi Sindano aliendelea kushona na kuuza laivu, picha safi, haigandi, na wateja wakamwambia siku hizi anatabasamu zaidi. Simu ya mumewe aliizuia na kuiruhusu apendavyo. Mume hakulalamika. Alikaa na simu iliyokufa mkononi, akisubiri, na utiifu ule ndio uliokuja kumchosha Bi Sindano kuliko kitu chochote. Alikuwa ameshinda, lakini alilala kila siku ubavuni mwa mtu aliyemwona akichuchumaa mbele ya kochi, akisema vile, haraka vile.

Siku moja ya Jumapili, akiwa anadarizi ukingo wa shela, alimwuliza bila kuinua macho, "Yule mtoto, jina lake hasa nani?"

Mume alikuwa akisafisha buti zake za kazi. Aliendelea kusugua.

"Nakuuliza. Kipusa ni jina la utani. Jina lake nani?"

"Hilo sikwambii," alisema.

Bi Sindano aliinua kichwa. Alifungua mdomo, ule mdomo uliojulikana jengo zima, akatafuta cha kumtishia nacho. Nyumba alishaitumia. Intaneti alishaitumia. Mume alimaliza buti moja, akachukua ya pili, akaanza kuisugua kuanzia kisigino.