Mikono Miwili ya Kushoto

Nilistaafu kufundisha darasa la kwanza nikiwa na sanduku la bati lililojaa kadi nilizochora mwenyewe: kuku, embe, mpira, nyumba, kila picha na neno lake chini. Nilidhani nitazitumia kwa wajukuu. Kumbe mwanafunzi wangu aliyefuata alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita.

Alikuwa fundi cherehani hapa Same. Sare nyingi za shule mjini zilipita mikononi mwake. Siku moja akirudi kutoka Maore alikopeleka mzigo wa sare, pikipiki aliyopanda ilianguka, akapiga kichwa chini, akalazwa hospitalini majuma mengi. Aliporudi nyumbani aliweza kutembea kwa kujikongoja, mkono wa kulia ulikuwa mzito, na maneno yalikuwa yamemtoka. Alijua anachotaka kusema, ila neno halikuja, au lilikuja jingine. Akitaka maji alisema kiti, kisha anajisikia alivyosema, anakunja uso.

Mama aliyekuwa akimfanyisha mazoezi hospitalini ndiye aliyenifuata. Aliniambia vifaa vya kunyoosha mikono na miguu wanavyo, lakini vya kumsaidia mtu mzima kuyapata tena maneno yake hawana, na picha alizozipata kwenye vitabu ni za theluji na treni. Akaniomba nijaribu, kwa kuwa najua kuchora.

Nikaenda na sanduku langu. Mke wa fundi alinipokea vizuri, akanitandikia mkeka barazani. Nikapanga kuku, embe na mpira mbele ya mumewe, nikamwomba kwa ile sauti yangu ya darasa la kwanza anionyeshe kuku. Aliitazama kadi, akanitazama mimi, kisha kwa mkono wa kushoto akazigeuza zote kifudifudi, moja baada ya nyingine, bila hasira. Upepo wetu wa Same ukamalizia kazi: kadi ziliruka mpaka kwenye ua wa jirani.

Mkewe alizikusanya, akanisindikiza hadi barabarani. "Mwalimu, usimwone mkaidi," alisema. "Hajarudi utotoni. Kila kitu anakijua, ni maneno tu."

Niliona aibu njia nzima. Miaka yote ile nilikuwa nikifundisha watu wasiojua kitu, sasa nimepewa mtu anayejua kuliko mimi, nami nimemletea kuku.

Kesho yake nilimwomba mkewe anifungulie kibanda cha kazi. Nikashika kila kilichokuwemo: mkasi, chaki, bobini, sindano, tepu ya kupimia, vifungo vya kila rangi. Nikaamua kuachana na karatasi. Nikachukua kitambaa kizito ambacho upepo hauwezi kukiinua, nikakishonea vitu vyenyewe, kifungo halisi, zipu halisi, na pembeni ya kila kimoja nikaandika jina lake kwa uzi. Nikafumua na shati moja kuukuu la shule, vipande vyake avipange upya. Mkono mmoja wa shati ulichanika nikiufumua, nikakata mwingine kwa kufuatisha uliobaki. Nilijisifu kimoyomoyo.

Siku nilipompelekea, aliinama mwenyewe. Alipitisha vidole kwenye zipu, akaivuta juu na chini, akasema, "Zipu." Mkewe aliacha kuchambua mchele. Kifungo kilimshinda, chaki akaipata. Halafu nikamwekea vipande vya shati. Akaanza na mgongo, akaweka pande mbili za mbele, kola juu, akachukua mikono. Hapo akakwama. Akaigeuza, akaipindua, akarudia. Nilitaka kumsaidia, mkewe akanishika goti.

"Kushoto," alisema fundi, akiinua mkono mmoja. Akainua wa pili. "Kushoto."

Nilitazama. Ni kweli, nilikuwa nimekata bila kugeuza kitambaa, na shati lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Akaniuliza kwa kidole ni nani aliyekata. Nikakiri ni mimi. Alitafuta neno kwa muda mrefu, midomo ikicheza, mpaka akalipata.

"Mwalimu," alisema. "Usikate."

Mkewe alicheka mpaka akalia kidogo, na fundi naye akacheka. Mimi nilikuwa nimefurahi kiasi cha kushindwa kucheka.

Tangu hapo hatukuwa tena mwalimu na mwanafunzi. Mama wa mazoezi alipotuletea habari za bibi mmoja mkulima wa tangawizi huko milimani, aliyeumia kichwa kwa kuteleza shambani na sasa akipika chai husahau lipi linatangulia, nilishona kitambaa chenye picha sita za hatua zote, na maelezo juu. Nikampelekea fundi akikague. Aliweka kiganja juu ya picha, akafunika nusu.

"Kelele," alisema.

Mimi nisingeliona hilo kamwe. Kwake, picha sita pamoja zilikuwa kama watu sita wanaosema kwa mpigo. Tukashona mifuko ya kutundika ukutani, na ndani ya kila mfuko picha ya hatua moja tu. Bibi anatoa picha ya mfuko wa kwanza, anafanya, anairudisha, anakwenda mfuko wa pili. Nilipopanda kwenda kumwamkia, aliitika marahaba, akanigombeza kwa Kipare kwamba mfuko wa picha ya sukari ulikuwa mdogo, kisha akanipa chai yenye tangawizi kali, imechemka sawasawa.

Fundi hajapona yote. Suti alizokuwa akishona ameziacha, cherehani anaendesha mkewe, yeye anakata, polepole, kwa kushoto. Siku mbili kwa juma tunashona vifaa vya wagonjwa wengine. Juzi tulikuwa na kazi ya mchuuzi wa samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Nilishona sato, nikashona na kambale, nikawatandaza mezani.

Alimtazama kambale wangu. "Huyu siyo kambale, mwalimu," alisema. "Huyu ni kiatu."

Nilimwangalia usoni kwa wasiwasi, nione kama neno limemponyoka tena. Alikuwa anacheka. Nikachukua mkasi, nikaanza kufumua.